Matanga ya Chukwani

Jumatatu, 6 Mei
Historia asubuhi, Sheria mchana. Kozi hii ya mauaji ya kimbari ina walimu watatu na kila mmoja ana lake. Wa Historia: yalianzia wapi? Wa Sheria: nia iko wapi? Wa Saikolojia: vipi jirani amchinje jirani? Kichwa kinauma. Naipenda khasa.

Jumatano, 8 Mei
Tuliigiza mahakama. Nikapewa utetezi. Nikasema wingi wa maiti peke yake si ushahidi wa nia. Mwalimu akanisifu. Rafiki yangu Dativa akakusanya vitu vyake akatoka. Kwao Rwanda. Watu wake wote waliuawa, nami nlikuwa nnajua.

Ijumaa, 10 Mei
Dativa haji. Simu hapokei. Nasikia anaacha kozi, anarudi kwao. Sina rafiki mwengine pale. Nnaogopa.
Mama kauliza mbona sili. Nikamjibu kwa mkato: Dativa kafiwa, watu wake wote. Nikaenda kulala.

Jumamosi, 11 Mei
Mama hakuuliza wamekufa lini. Asubuhi kapita mtaani kwetu Kikwajuni nyumba kwa nyumba, kakodi gari. Wanawake, mikeka, sufuria la wali, birika la kahawa. Mimi nikaambiwa panda tu. Nlipofahamu, tushafika mlangoni kwa Dativa, Chukwani.
Aibu. Nilitamani ardhi inimeze. Mama akamkumbatia. "Pole mwanangu. Wamefariki lini?"
"Zamani, mama. Nilikuwa mtoto mdogo."
Wanawake wakatazamana. Mama wala hakushtuka. "Na matanga yao alikaa nani?"
Hakuna, akasema Dativa. Hakubaki mtu wa kukaa.
Mama akavua viatu, akatandika mkeka.
Tulikaa mpaka alasiri. Dativa ni Mkristo, hitma hatukusoma. Aliwataja mmoja mmoja, na visa vyao, wakampa pole kwa kila mmoja. Akalia sana. Jikoni nikamwomba radhi. Akanipa vikombe nioshe. Alhamdulillahi kwa mama asiyeuliza mengi.

Jumanne, 14 Mei
Dativa karudi darasani. Kakaa ubavuni kwangu, kambana mwalimu wa Saikolojia kwa maswali. Nimeshukuru mpaka nimeona haya.
Jioni Bi Zuhura, jirani yetu tuliyekwenda naye Chukwani, kanisimamisha njiani. Yule mdogo wake Dativa, aliyekuwa akiogopa kuku, jina lake nani vile? Anataka kumtaja kwenye dua na limempotea.
Ngabo, nikamwambia. Akalirudia pole pole mpaka likamkaa mdomoni, akenda zake.