Hoteli Iliyofungwa Nyuma ya Kwetu

Clintonville, Columbus
9 Machi 2025

Dada Theresia,

Shikamoo. Habari za Louisville, na shemeji Zabroni anaendeleaje? Sisi wazima. Blessing amebadilishiwa zamu, siku hizi mimi na mke wangu tunaonana kwenye chai ya asubuhi tu.

Mtaani kwetu kumechafuka. Ile hoteli iliyofungwa nyuma ya uzio wetu, kampuni moja inataka kanuni za ardhi zibadilishwe ili iigeuze nyumba za kupangisha. Tangazo walilifunga kwenye nguzo ambayo hakuna apitaye karibu nayo, na mkutano wa maoni wakauweka mchana, siku ya kazi. Wachache waliofika walikuta michoro imekamilika mpaka rangi ya milango. Sasa hapo maoni ya nini?

Jirani mmoja, mama mstaafu, alikuja na keki. "Dismas, wewe ni mhandisi, tusemee mbele ya madiwani." Dada, nimeishi hapa miaka minane na hakuna mtu wa mtaa huu aliyewahi kukaa sebuleni kwangu. Nimekubali. Nitasema mwezi wa tano.

Mdogo wako,
Dismas

Louisville
2 Aprili 2025

Mdogo wangu,

Marahaba. Tunapumua, tunamshukuru Mungu. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu Zabroni anasikia, na hapendi nikiomba.

Tangu kisukari kimchukulie mguu hajatoka nje peke yake. Tuko ghorofani, ngazi ni nyembamba, na siku ya kliniki vijana wa kanisani ndio wanaombeba na kiti chake. Sasa nyumba imeuzwa na tunatakiwa kuhama kabla ya Septemba. Nataka tuje huko karibu nanyi. Kazi ya kutunza wazee haikosekani popote.

Hiyo hoteli, Dismas, ina lifti? Milango yake ni mipana, kiti kinapita? Wataanza lini kuandikisha wapangaji? Niulizie tu hayo, mengine nitayafuata mwenyewe. Msalimie Blessing.

Dada yako,
Theresia

Clintonville
20 Juni 2025

Dada,

Shikamoo. Natumaini nyote mko salama. Najua nimekaa kimya mno.

Barua yako niliipata kabla ya mkutano. Niliisoma, nikaiweka mezani, nikaenda. Nilijiambia kwamba sipingi nyumba, napinga kutoulizwa. Ndivyo nilivyosema mbele ya madiwani, na bado naamini ni kweli. Walinipigia makofi.

Aliyenifuata akasema, "Dismas amemaliza yote. Tuna haki ya kuchagua majirani zetu. Watu wa kupanga hatuwataki." Makofi yakazidi. Mama wa keki alikuwa ananipapasa bega, nami nikakaa kimya.

Madiwani waliahirisha kura, na kampuni ikajitoa. Jirani zangu walifanya sherehe uani, nikaenda na Blessing. Yeye hakula kitu.

Lifti zilikuwepo, dada. Mbili. Nitawatafutia mahali pengine.

Mdogo wako,
Dismas

Louisville
11 Agosti 2025

Dismas,

Marahaba. Hatujambo.

Unasema hamkuulizwa. Ni kweli, na ni vibaya. Hata mtaa wetu huku ulibadilishwa hivyo hivyo. Ilikuja bahasha yenye Kiingereza cha wanasheria, nikadhani ni matangazo ya bima. Mkutano ulipita mimi nikiwa kazini namwogesha bibi wa watu, na kisha nyumba yetu ikapata mnunuzi. Kwa hiyo uchungu wa kutoulizwa usinifundishe.

Lakini mimi nilikuuliza. Nilikuuliza wewe, ndugu wa tumbo moja, ukaenda kuwajibu wao.

Zabroni ameisoma barua yako. Aliikunja, akaomba nimgeuzie kiti kitazame dirishani.

Tunakwenda Buffalo. Nzigire, Mkongomani niliyefanya naye kazi, anaishi huko Lower West Side, na nyumba ya chini kando yake imekuwa wazi. Aliposikia habari zetu alituita tu kwa Kiswahili cha kwao, "Bon, mukuye, dada. Huku hakuna ngazi."

Usihangaike kututafutia.

Mke wa Zabroni

Clintonville
3 Novemba 2025

Dada yangu,

Shikamoo. Simu zangu hupokei, na nastahili. Shemeji amezoea Buffalo? Wewe afya yako?

Imekuja kampuni nyingine kwa hoteli ile ile. Safari hii walipita mlango kwa mlango na mkutano ulikuwa Jumamosi. Nilikwenda. Nikasema, "Mara ya kwanza nilisema kwa kuwa sikuulizwa. Leo namsemea dada yangu. Ni mtu wa kupanga, mumewe hana mguu, na hapa hakuna tangazo lolote ambalo lingemfikia, kwa sababu bado hajafika."

Hakuna aliyepiga makofi. Mama mstaafu akiniona sasa anavuka barabara. Lakini madiwani wamepitisha, na wapangaji wataandikishwa Februari. Majina yenu nimeyapeleka mapema. Nisamehe, dada. Njooni.

Mdogo wako,
Dismas

Lower West Side, Buffalo
14 Desemba 2025

Mdogo wangu,

Marahaba. Theluji imetufunika, lakini tuko wazima. Juzi, kabla haijaanguka, Zabroni alijisukuma mwenyewe mpaka duka la kona kununua mkate. Alichelewa, nikatoka mbio kumtafuta, nikamkuta anabishana mpira na Wakongomani. Mkate alikuwa ameusahau.

Majina yetu yafute, apate mwingine. Sisi hatuhami tena. Nimefurahi kwamba ulisimama, na bado inaniuma kwamba hukusimama Mei. Yote mawili ninayo, na sitakudanganya kwamba moja limelifuta jingine.

Zabroni hakutaji. Ila jana nilipomwambia nakuandikia, alisema, "Muulize kama bado anapenda maharage ya nazi."

Basi njooni Krismasi, wewe na Blessing. Usianze kuomba radhi mlangoni. Ingia, vua koti, kaa karibu naye, na mwache aanze yeye.

Dada yako,
Theresia