Shimo Lililokataa Kuganda

Dada yangu Kulwa,

Mwangaluka. Najua utashangaa Doto ameanza lini kuandika barua na simu ipo. Tatizo ni kwamba kila nikipiga mayu anaweka spika, na haya sitaki mama wa watu ayasikie yeye kwanza. Wewe umenitangulia duniani kwa dakika chache tu, lakini umenitangulia. Soma peke yako, kisha uamue umwambie nini. Mwenzangu anayerudi Mwanza ameahidi kuiacha barua hii kwa shangazi pale Lamadi.

Mguu wa baba unaendeleaje? Yule ng'ombe mwekundu ameshazaa? Mimi ni mzima, isipokuwa vidole vya mkono wa kushoto vimeumwa na baridi na vinachubuka. Nakula. Mwambie mayu nakula.

Unakumbuka shimo la gesi tulilomjengea baba hapo Ngulyati, wiki chache tu jiko likawaka? Huku kaskazini mwa China hilo halipo. Ardhi inaganda inakuwa kama zege. Vile vidudu visivyoonekana, vinavyochachusha kinyesi mpaka kitoe gesi, vinalala, na mashimo ya kijiji hiki yanakufa mpaka theluji iyeyuke. Mwalimu Lin, mama anayesimamia mradi wetu, alinipa kazi ya kuchagua njia. Ama tuyapashe mashimo joto kwa makaa ya mawe, ama tuchachushe kikavu, samadi na mabua bila maji mengi ya kuganda, ama tutafute chachu iliyozoea baridi. Mimi moyoni nilishachagua makaa, maana gesi inakuja haraka. Nilibakiza kuzungukia mashimo ya zamani niandike kwamba yote yamekufa.

Yalikuwa yamekufa kweli, Kulwa, isipokuwa moja.

Lilikuwa kwenye nyumba ya mwisho ya kijiji. Mwenyewe, mzee mmoja fundi wa mikokoteni, alifariki mwaka juzi, na madirisha yamezibwa kwa nailoni. Shimo liko chini ya banda la nguruwe lisilo na nguruwe. Nikafunga kipimo cha presha nikitegemea sifuri. Mshale ukapanda. Nikakigonga nikidhani kibovu, ukapanda tena. Kesho yake mchana nikarudi, nikakuta presha imeshuka. Maana yake mtu alikuwa amewasha jiko. Lakini kwenye theluji ya uwanja ule kulikuwa na nyayo za mtu mmoja tu, nazo ni zangu za jana.

Nikasukuma mlango wa jikoni. Jiko lilikuwa na joto. Mezani kulikuwa na bakuli la uji wa mtama unaotoa mvuke, kijiko pembeni, na kiti kimevutwa nyuma kidogo, kama unavyomwandalia mtu akae. Nilikimbia, dada. Sioni haya kukuambia.

Mwalimu Lin hakunicheka. Alisema tu, "Sikukutuma ukaangalie nani anapika. Nataka kujua gesi inatoka wapi."

Siku ya tatu nikaenda nikakaa kwenye benchi mle jikoni. Mchana mweupe, theluji inaumiza macho, na kimya ambacho sisi kwetu hatuna. Huko hata kukiwa kimya kuna jogoo. Mara nikasikia chini ya miguu yangu kitu kinaburutwa. Kisha sauti inaongea polepole, inanyamaza kama inasubiri kujibiwa, inaongea tena. Ubao wa sakafu ukanyanyuka. Kikatokeza kichwa cha bibi kizee.

Anaitwa Bibi Qiao, anaishi nyumba ya jirani. Ghala la chini, wanamohifadhi viazi, linaunganisha nyumba zote mbili, ndiyo maana hakuna nyayo. Aliponiona hakushtuka. Alitazama nyuma yangu.

"Mwenzako yuko wapi?"

"Nimekuja peke yangu, bibi."

"Hapana. Umezaliwa pamoja na mwenzako wewe. Watu wa namna yetu tukikaa tunaacha nafasi pembeni."

Nikaangalia. Benchi lote lilikuwa tupu, na mimi nimebana ukingoni.

Marehemu alikuwa pacha wake. Miaka mingi mzee huyo hakulipasha joto shimo lake, wala hakulikomba mpaka chini. Kila vuli, kabla ya baridi kuingia, alibakiza tope la zamani, kama mayu anavyobakiza mtindi kwenye kibuyu ili maziwa mapya yagande. Tope likazoea baridi. Sasa bibi analilisha yeye, ndoo moja kwa wiki, na kila siku anampikia kaka yake uji. "Akikuta jiko la baridi," aliniambia, "atajua nimemsahau."

Hiyo ndiyo chachu tuliyokuwa tunaitafuta. Nilimwomba nifungue mfuniko nichote tope. Akakataa katakata, maana ukifungua moto unazimika. Nikamsihi, mwisho tukakubaliana nichote kupitia mdomo wa kutolea samadi, ulio mle mle bandani.

Nilikwenda na ndoo yenye mpini mrefu. Upepo ulikuwa unakata, nikafunga mlango wa banda nyuma yangu. Kosa langu hilo. Ndoo ya kwanza ikatoka, ya pili ikatoka. Nilipokoroga kwa ajili ya ya tatu harufu ya yai viza ikanijaa puani, halafu ikakatika ghafla. Tumefundishwa kwamba ikikatika hivyo usishukuru, kimbia, kwa sababu ile gesi mbaya imeshaua pua. Nilijua, Kulwa. Lakini mwili ulikuwa umeingiwa na joto zuri, na ndani ya shimo nikasikia mtu anaita kwa Kisukuma chetu, taratibu, "Kulwa. Kulwa, nzugu." Anakuita uende, kwa sauti ya mtu anayekujua.

Nikamjibu, "Mimi ni Doto. Kulwa yuko nyumbani." Nikainama zaidi ili anisikie vizuri.

Nilizinduka niko nje, natapika kwenye theluji. Bibi Qiao alikuwa amenikokota kwa kofia ya koti, mtu mwenye mwili mdogo kuliko mayu. Alinisugua uso kwa theluji mpaka nikalia. Kisha akaniuliza:

"Kulwa ni nani?"

Sikuwahi kumtajia jina lako. Nikamwuliza kama nililitamka nilipoishiwa nguvu.

"Wewe midomo yako ilikuwa imefumbwa," akasema.

Mwalimu Lin anasema gesi ile inachanganya ubongo, na kwamba bila shaka nilipiga kelele mwenyewe. Namwamini. Natakiwa kumwamini.

Zile ndoo mbili tulizimimina kwenye shimo jipya, tulilolichimba chini zaidi ya udongo unaoganda na kulifunika kwa mabua. Zaidi ya mwezi halikuonyesha kitu. Kisha likaanza kutoa mapovu. Moto wake ni mdogo, wa kuchemsha chai na kupika chakula cha watu wachache, lakini haudai makaa. Nimeichana ripoti yangu ya kwanza nikaandika nyingine: tope la zamani, shimo la kina, na subira. Kijiji kimekubali. Siku ya kuwasha watu walipiga makofi. Bibi Qiao alisogea akakinga viganja kwenye moto, akatabasamu. "Sasa kaka atakuwa kwenye nyumba nyingi," akasema.

Wameniomba nibaki majira mengine mawili ya baridi niyatunze mashimo mapya. Nimekataa. Nimeona jinsi mtu anavyoishi na pacha wake kwa bakuli la uji, na sitaki wewe au mimi tufike huko tukiwa na uwezo wa kuonana. Nitakuwa nyumbani kabla pamba haijaisha shambani.

Msalimie baba, umwambie asiutembeze ule mguu. Mayu mpe habari zangu kwa kupunguza. Shemeji yangu, mumeo, mwambie nina zawadi yake. Baba mkubwa wa Nyashimo naye nimemkumbuka, na shangazi kwa kutunza barua, wabeja sana.

Jambo moja tu, dada. Ile sauti ya shimoni niliisikia Jumanne mchana, Jumanne ile niliyompigia mayu jioni yake nikashindwa kuongea. Kwenu ilikuwa asubuhi, bado mnakamua. Kuna mtu alikuita? Kama yupo, na kama uliitika, usinijibu kwa simu. Utaniambia nikifika.

Ni mimi mdogo wako wa dakika chache,
Doto