Ziwa Nililolichora Likiwa Limelala

Milanzi, Sumbawanga

Shemeji Gaspari,

Shikamoo. Ulinizidi miezi minne tu, lakini heshima yako uliidai kila tulipokutana, na sioni kwa nini nikunyime sasa kwa kuwa umefariki.

Nianze na habari za nyumbani. Dada yako Agnesi, mke wangu, hajambo, ila kikombe chako cha bati hajaruhusu mtu akinywee. Mkeo alivuna ulezi wa kutosha. Ule upepo wa Julai uliopeperusha maturubai siku ya mazishi yako umekwisha. Sasa ni Oktoba, ardhi imekauka na ziwa limerudi nyuma mpaka kwenye matete. Ukavu huo ndio ulionifanya nikuandikie.

Amekuja mwekezaji. Anataka kujenga hoteli ya watalii na gati ya boti pale mto unapotokea ziwani, kwenye lile bonde la nyasi ambalo hakuna aliyewahi kulilima, chini ya mabaki ya malungu, zile tanuru za udongo ambamo wazee wetu waliyeyushia chuma. Vigingi vyekundu vimeshapigwa. Kwenye mkutano mkuu wa kijiji mpimaji wake alikunjua ramani, akaligusa bonde kwa kalamu na kusoma maneno yaliyoandikwa juu yake: "Eneo wazi, halitumiki."

Mwandiko ni wangu, Shemeji.

Unakumbuka. Kijiji kilipotakiwa kuwa na mpango wa matumizi ya ardhi, waliniomba mimi kwa kuwa nilifundisha jiografia. Nilikuja Septemba, shule zimefungwa, nikapima siku tatu kwa kamba na hatua. Ulinifuata nyuma na viatu vyako mkononi, kama ulivyomtaka kila mtu avue akikaribia maji, ukaniambia, "Shemeji, unalichora ziwa likiwa limelala." Nikakujibu kwamba ramani haichorwi kwa ndoto. Ukacheka, ukasema sisi wasomi tuna haraka ya kumaliza. Ni kweli nilikuwa nataka kuwahi basi la kurudi.

Naeleza sasa, ingawa wewe huhitaji maelezo, kwa sababu ni mimi niliyechelewa kuelewa. Mwezi wa tatu mto hauwezi kupitisha maji yote, kwa hiyo ziwa hupanda mpaka kwenye lile bonde na kukaa humo wiki kadhaa. Samaki huingia kutaga kwenye nyasi, mahali penye maji ya kina kifupi na yenye joto. Maji yakishuka, samaki wachanga hurudi nayo ziwani. Yale yanayobaki ardhini hutoka polepole miezi yote ya kiangazi, ndiyo maana mto haukauki, na walio chini ya ukingo wa nyanda hizi za juu, kule Bonde la Rukwa, wanapata maji ya kunywa. Niliandika "halitumiki" juu ya ardhi inayofanya kazi kuliko shamba langu.

Wewe, kila mwaka maji yalipofika mwisho wake, ulitoa jiwe jeupe mtoni ukaliweka pale yalipogusa. Nilikutania kwamba unawajengea konokono kanisa.

Mkutanoni nilisimama nikasema ramani ina kosa, na kosa ni langu. Fabiani, yule fundi pikipiki niliyemfundisha darasa la sita, akainuka. "Mwalimu, si wewe uliyetuchapa kwa sababu ya ramani? Leo tunataka kazi ndiyo imekuwa mbovu?" Watu walicheka sana. Sikumlaumu, ana watoto wawili na mahitaji yake ni ya kweli. Nilimjibu kwamba ramani ni sahihi kwa Septemba, ila hoteli itakuwepo hata Machi. Mpimaji akasema hayo ni maneno tu ya mzee, akauliza ushahidi uko wapi.

Mkeo ndiye aliyejibu, akiwa amekaa pale pale kwenye mkeka. "Mawe ya mume wangu yako kule. Twendeni."

Tukaenda, mkutano mzima, kwa miguu. Moto wa nyika ulikuwa umeshapita, kwa hiyo mawe yalionekana vizuri, meupe juu ya majivu, moja baada ya jingine. Vigingi vyote vilikuwa upande wa ziwani wa mawe hayo. Jiwe la juu kabisa, lile la mwaka wa mvua kubwa, lilikuwa juu zaidi ya pale wanapotaka kuweka vyumba vya kulala. Fabiani akalitazama jiwe, akavitazama vigingi. "Kumbe wazungu wangelala na kambare!" Watu wakacheka tena, na safari hii hata mpimaji alitabasamu.

Sikudanganyi kwamba tumeshinda. Mkutano umekataa kupitisha ombi mpaka ramani ichorwe upya maji yakiwa yamejaa. Mwekezaji amesema atarudi, na nasikia ameshaanza kupanda ngazi za ofisi za juu. Vijana bado hawana kazi.

Watu walipotawanyika nilibaki kwenye jiwe lako la mwisho, la Machi iliyopita. Nilitaka kukuambia kwamba... Nilitaka tu kukuambia. Nikageuka kukutafuta nyuma yangu, kwa mazoea.

Machi ijayo jiwe nitaliweka mimi. Goti langu unalijua, kwa hiyo litakuwa dogo, usicheke. Nitavua viatu. Kisha nitatandika karatasi na kuchora, bila kuulizia basi. Na pale nilipoandika "Eneo wazi, halitumiki", nitaandika neno moja kwa wino: Ziwa.

Pumzika, Shemeji. Safari hii nitasubiri liamke.

Shemeji yako,
Mwalimu Leonsi