Mstari Mweusi Kwenye Kitako cha Kikombe

Mpwa wangu Nyangeta,

Huku Mwisenge tu wazima. Mguu wa mama yako umepona, na kuku wake wanamaliza mchicha wangu.

Unauliza kama uache jiolojia, kwa sababu uliita pairaiti, lile jiwe linalong'aa kama dhahabu, dhahabu yenyewe, na darasa zima likacheka. Umemwuliza mtaalamu! Mimi nilikuwaga na jiwe la hivyo, kubwa kama kichwa cha sangara, linang'aa mpaka majogoo wanawika usiku. Nililibeba hadi sokoni Bunda, nikitangaza utajiri wangu njia nzima.

Mama mmoja mnunuzi wa dhahabu akapindua kikombe cha kauri, akalisugua kwenye kitako, pale pasipo na rangi. Ukatoka mstari mweusi.

"Shemeji, dhahabu huchora njano," akasema. Akaligonga nyundo, likapasuka vipande. "Na ikigongwa hulala kama chapati."

Watu walicheka mpaka ng'ombe wa kijiji cha Guta, kule ziwani, wakaacha kunywa maji. "Tajiri, harusi lini?" Walidhani nitakimbia. Nani, mimi? Nikavuta kigoda, nikakaa katikati yao. "Mama, nipe lingine nijaribu mwenyewe." Nikasugua na kugonga mpaka soko likafungwa. Wiki iliyofuata, waliocheka wakaanza kuniletea mawe yao niwaangalizie.

Kwa hiyo usiniambie habari za kurudi nyumbani kwa ajili ya kicheko. Jumatatu ingia maabara, kaa mbele kabisa, omba jiwe lile lile. Wakicheka, waambie wasogee, wanakuzibia mwanga.

Mjomba wako asiyekimbiaga,
Magesa