Beseni la Mlangoni

Berchem-Sainte-Agathe, Brussels
Jumatatu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Sisi huku wazima, mkweo Nehemia na kazi zake, mimi na baridi hii isiyojua kalenda. Barua hii nimeianza mara tatu nikaichana. Nakaa, nainuka, nafungua friji bila njaa, narudi kukaa. Jirani yetu Latifa anasafiri kuja huko kesho, atakukabidhi mkononi kabla ya Jumapili. Tafadhali isome ukiwa peke yako.

Uliponieleza kwa simu kwamba umeweka beseni la maji mlangoni mwa kanisa, na akina mama wote sasa wananawa kabla ya kuingia kwa kuwa ndivyo wafanyavyo Wakristo wenzetu wa Japani, nilicheka. Ulipoongeza kwamba Jumapili hii mchungaji amekupa nafasi usimame uwasimulie waumini kanisa la mwanao, loo, kicheko kikaisha.

Unakumbuka nilivyokusimulia tulipokuwa Japani, Nehemia akiwa masomoni kule. Theluji juu ya lango jekundu. Kisha maua ya mcheri yakadondokea kata za kunawia. Wakati wa joto, nyenje na kelele zao. Halafu majani ya manjano, na mzee mmoja akiyafagia kila asubuhi, nami nikimsaidia. Nilisema mahali pale pana miaka mia saba, na hapo sikukudanganya.

Mama, lile si kanisa. Ni hekalu la Kishinto, dini ya jadi ya Wajapani.

Nilikwenda mara ya kwanza wiki mliyomzika baba, nami nimekwama, sina namna ya kuja. Kanisa lilikuwa mbali, treni mbili. Lango lile lilikuwa nyuma ya nyumba yetu. Watu walinawa, nikanawa. Wakainama, nikainama. Nikalia, na hakuna aliyeniuliza kitu. Jioni ulipopiga simu kuuliza nimetoka wapi, nikajibu kanisani. Ukashangilia mno, ningeanzia wapi? Nikarudi mwaka mzima. Njia ya mwongo ni fupi, ulinifundisha mwenyewe.

Sikuabudu miungu yao. Nilimlilia baba tu. Na huku kila Jumapili nafika mlangoni mwa kanisa, mikono inatafuta maji, hayapo, naghairi kuingia, natembea mpaka miguu iume.

Beseni liondoe au liache, uamuzi ni wako. Ila usisimame kunisifu. Ukilazimika kusimama, waambie mwanao alimlilia baba yake mahali palipokuwa wazi siku ile. Nikasirikie, mama, nigombeze hata saa nzima, lakini usininyamazie.

Nisalimie shangazi Veronica na wote wanaoniulizia.

Ni mimi mwanao, simu nimeishika mkononi,
Felisia