Isale Ulilolipokea Bila Kuniuliza

Leipzig,
Jumamosi asubuhi.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine ya zile siku zote ambazo sikupiga simu. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua umeimaliza mwenyewe au umempa bibi kama kawaida yako? Mvua imeshafika Mwika au bado inazungukazunguka Rombo? Na Malkia ameshazaa? Mara ya mwisho ulisema amekaribia, nikakaa nawaza ng'ombe kazini kama mtu asiye na shughuli. Ndama akiwa jike usimuuze.

Mimi mwili ni mzima. Baridi nimeizoea. Ndizi za huku ndizo sijazizoea, ukizipikia mtori unapata uji wenye sukari. Kanisani naenda. Wanapoimba zile nyimbo zetu kwa Kijerumani namkumbuka babu, alivyokuwa akilitaja jina la mji huu kama vile uko mbinguni kwa sababu wamisionari walitokea hapa. Angeona mvua yake ya baridi angenyamaza.

Sasa mama, kaa chini. Nimeandika barua makusudi. Kwenye simu ukianza tu na "Nsia, Nsia mwanangu," maneno yananiishia, nakata simu nikiwa nimekubali mambo nisiyoyakubali. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza. Anayekuletea ni dada mmoja muuguzi wa Bomang'ombe, anakuja likizo. Mpe chai, ila usimsomee.

Nina hasira na wewe. Unisamehe, lakini ndivyo ilivyo. Umepokea isale la kina Godlisten bila kuniuliza.

Najua utakachosema. Isale halikataliwi. Mtu akikujia na lile jani amelifunga fundo, amelishika kwa mikono miwili, unalipokea, ugomvi umekufa. Mimi ni mtoto wa Mwika, usinifundishe isale. Hata hapa ofisini lipo moja kwenye chungu, karibu na jiko la wafanyakazi, wanalimwagia chai iliyopoa, hakuna anayejua ni kitu gani. Kila nikipita natikisa kichwa.

Lakini ulipaswa kuuliza kosa! Mama Godlisten anakuja getini anasema watoto wetu wamekosana huko Ulaya, tusamehe, na wewe huyo, unapokea, unamkaribisha ndani, wageni wakiondoka unanipigia: "Yameisha, mwanangu. Usimfanye kitu." Yameisha! Yameisha kwa nani? Hukujua hata yalianza wapi. Nilikuficha kwa sababu yanakuhusu wewe. Leo nakwambia.

Unajua kampuni yetu inatengeneza programu za maghala ya maua. Kwenye kompyuta zetu kuna dirisha moja jeusi, halina picha wala urembo, ni maandishi matupu. Tunaliita terminali. Unaandika amri, amri inasafiri mpaka kwenye kompyuta kubwa iliyoko mbali, kule kazi inafanyika, majibu yanarudi kwenye dirisha lako. Basi. Shida ni kwamba dirisha la Windows, la Mac na la Linux yana tabia tofauti, na kitufe kilekile kinaweza kukusaidia huku na kukuumbua kule.

Mimi tangu chuo pale Moshi nilizoea Windows. Ukibonyeza Control na S kwa pamoja, kazi yako inahifadhiwa. Mkono wangu hufanya hivyo wenyewe, kama wewe unavyofunga kitenge bila kuangalia. Nilipofika hapa nikapewa Linux, na katika wiki zangu za mwanzo bosi akasema niwaonyeshe wateja programu. Nimefika katikati, mambo yanakwenda vizuri, mkono ukabonyeza Control na S. Kumbe kwenye terminali ya Linux hiyo ni amri ya kizamani ya kuiambia skrini inyamaze. Ikanyamaza. Nabonyeza hiki, nabonyeza kile, hakuna kinachosogea. Wateja wananikodolea macho. Jasho linanitoka kwapani mpaka kiunoni, na nje theluji.

Godlisten alikuwa amesimama pale pembeni, amekunja mikono kifuani. Godlisten wetu, mama, wa kile kihamba, shamba la migomba la chini ya mfereji, uliyemwomba mwenyewe aniangalie kwa kuwa alitangulia kufika. Hata yeye hakujua skrini imepatwa na nini. Badala ya kunisaidia akawageukia wateja, akasema kwa Kijerumani, polepole ili na mimi nielewe: "Mvumilieni. Huyu kwao kitu pekee alichozoea kubonyeza ni chuchu za ng'ombe."

Wakacheka. Bosi akacheka. Na yeye akacheka, akanigonga begani kama vile tuko pamoja kwenye utani.

Chuchu za ng'ombe! Haki ya Mungu, nilitaka kumrushia kompyuta. Maana ng'ombe mwenyewe ni mama yake Malkia, uliyekuwa unamkamua kabla jua halijatoka, unashuka na ndoo hadi barabarani, ndipo mimi nikapata viatu vya shule. Na yeye Godlisten, mama yake alipolazwa, alikuwa anakunywa wapi? Kwetu! Anakuja na kikombe chake cha bati chenye pengo, anakaa kwenye kile kigogo cha mlangoni, na hakuna siku ulimrudisha mkavu. Maziwa yaleyale. Chuchu zilezile.

Baada ya hapo bosi akaniondoa kwenye kazi za wateja, akafupisha mkataba wangu "tuone kwanza". Kibali cha kukaa huku kinafuata mkataba, mama. Ndiyo maana Krismasi ile nilikwambia nina mafua. Sikuwa na mafua, nilikuwa nalia. Nikawekwa meza ya malalamiko, kazi ambayo kila mtu anaikimbia. Mteja anapiga simu anafoka: nimebonyeza F10 ili nihifadhi, imefunguka menyu ya dirisha. Kumbe yuko kwenye Linux, dirisha limemnyang'anya kitufe. Mwingine anabonyeza F1 kwenye Mac, taa ya skrini inafifia. Mwingine kwenye Windows amegusa katikati ya dirisha na kipanya, programu imesimama kama imekufa, kumbe inasubiri abonyeze Enter tu. Kila lalamiko nilifungua kompyuta zote tatu mezani, najaribu huku, najaribu kule, mpaka nipate chanzo. Nilizijua zile terminali kama unavyowajua majirani, nani mchoyo, nani msahaulifu, nani anakuitikia kumbe hajakusikia.

Na kila nilipojifunza jambo, nilimfikiria Godlisten. Wengine wanasoma kwa kumwomba Mungu. Mimi nilisoma kwa chuki.

Basi mwaka huu kampuni ikaamua wote tuhamie Linux. Godlisten, ambaye tangu afike anatumia Windows, naye akapewa kompyuta mpya. Na nani aliyepewa kazi ya kuziandaa? Mimi. Kuna mstari mmoja mfupi, ukiuweka kwenye mipangilio, ile Control na S haiwezi tena kunyamazisha skrini. Nikauweka kwenye kompyuta ya kila mtu. Ya bosi nikaiwekea. Hata ya yule kijana wa mapokezi ambaye terminali haijui nikaiwekea. Ya Godlisten sikuiwekea.

Soma tena, mama. Sikuiwekea, na nilifanya makusudi.

Ndipo ukanipigia. "Nimepokea isale. Usimfanye kitu." Kumbe Godlisten mwenyewe alimsimulia dada yake kile kisa kama kichekesho, dada akamfikishia mama yao, mama wa watu akaona aibu ambayo mwanawe hakuiona. Nikakujibu, "Sawa mama, simfanyi kitu." Na kweli sikumfanya kitu! Kesho yake nilikuwa na siku nzima ya kuurekebisha uovu wangu. Kompyuta yake ilikuwa mezani, yeye yuko kwenye chakula, mstari wenyewe unaandikwa upesi kuliko jina lako. Nikaipita. Nikaenda kunywa chai karibu na lile isale la kwenye chungu, nikasema moyoni, mimi nimeahidi kutofanya kitu, basi sifanyi.

Siku ya wateja ikafika, walewale wa maghala, na wengine wapya. Godlisten amevaa suti. Anaonyesha jinsi ya kuagiza mawaridi. Anaongea vizuri, hilo simnyimi. Halafu nikaona mkono wake wa kushoto unatambaa. Control na S.

Skrini ikanyamaza.

Mama, nilikunja mikono kifuani kama alivyoikunja yeye siku ile. Akabonyeza Enter. Akabonyeza tena. Akacheka kidogo, akasema mtandao, mtandao wa leo. Akabonyeza kwa dole gumba, akabonyeza kwa kiganja. Na mimi peke yangu mle ndani nilijua kwamba skrini ilikuwa bubu, lakini kompyuta ya mbali haikuwa kiziwi. Kila alichobonyeza kilikuwa kinafika. Anaagiza mawaridi, anaagiza tena, anaagiza tena. Shingo yake ikalowa. Nikalitambua lile jasho, maana nilishalivaa.

Mwisho akanigeukia, akaniomba msaada kwa Kichagga. Tangu nifike nchi hii hakuwahi kunisemesha Kichagga, aliogopa wasimdhanie wa shamba.

Nikainuka taratibu. Vidole viwili, Control na Q, ambayo ndiyo inayoifungua. Loo! Maagizo yote yakamwagika kwenye skrini kubwa ya ukutani mbele ya wateja, mawaridi juu ya mawaridi, ukurasa baada ya ukurasa, mawaridi ya kuufunika mji mzima. Ilikuwa programu ya majaribio, hakuna aliyepoteza ua hata moja, lakini wateja walishika vichwa. Nami nikasema, kwa Kijerumani safi: "Mvumilieni. Huyu kwao hata ng'ombe wa kubonyeza hawakuwa naye. Alikuwa anakunywa kwetu."

Hakuna aliyecheka. Hawakuelewa. Aliyeelewa ni mmoja tu, na aliinamisha kichwa mpaka nikaona utosi.

Ilikuwa tamu, mama, sikudanganyi. Ilikuwa tamu mpaka nikafika nyumbani, na kesho yake ilikuwa bado tamu kidogo. Bosi amemwondoa kwenye kazi za wateja, na mimi akanirudishia mkataba wangu mzima. Godlisten amehamishiwa wapi? Meza ya malalamiko. Tunakaa bega kwa bega.

Jana akasimama mbele ya meza yangu. Mkononi ana isale. Amelichuma kwenye chungu cha jikoni, amelifunga fundo, kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. Akasema kwa Kichagga kwamba lile la mama yake ni la mama yake, hili ni lake. Akasema hajasahau kile kikombe cha bati. Halafu akasema, "Na asante kwa kuniokoa siku ile."

Kuniokoa! Jamani.

Nilimwacha asimame mpaka nimalize chai yangu. Hilo lilikuwa haki yangu. Kisha nikalipokea. Ningefanyaje? Halikataliwi, hata la kwenye chungu. Baadaye mama wa usafi akapita anauliza kwa ukali nani ameuharibu mti wa ofisi, nikamwambia sijui. Godlisten alipokwenda kula nikauweka ule mstari kwenye kompyuta yake. Lakini ukweli wenyewe sijamwambia. Nimefungua mdomo mara kadhaa, umenigomea. Bado sijutii alivyoloa jasho. Ninachokijutia ni kile kikombe cha bati, kwa nini alikitaja.

Nisalimie bibi, mwambie soksi alizonifuma ndizo navaa nikilala. Msalimu baba mdogo na kahawa yake, na shangazi wa Rau, mwambie mchumba ninaye au sinaye atajua siku nikija naye. Mdogo wangu wa kiume mwambie aache kunitumia picha za viatu.

Na wewe, mama, kwa kuwa ulipokea isale bila kuniuliza, sasa utapeleka jingine nikiwa nimekuomba. Chuma pale mpakani mwa kihamba chetu, lile bichi lenye jani pana, ulifunge fundo. Lakini kwanza mkamue Malkia kwa mkono wako mwenyewe, ujaze ndoo, jani uliweke juu ya mfuniko. Mama Godlisten akiuliza Nsia amekosa nini, usimjibu. Mwambie ampigie mwanawe amwambie isale limetoka kwetu pamoja na maziwa, naye mwanawe aniulize mimi hapa mezani. Akiniuliza, nitamwambia yote.

Na wakinywa, wakumbushe yametokea wapi.

Mwanao ambaye hajasahau kubonyeza,

Nsia