Uliuliza Maji

Kaka Ramadhani,

Shikamoo. Nimekukosea, kaka, na nimeona nilitangulize hilo kabla sijakuuliza hali. Mgongo unaendeleaje? Baba na mama wazima? Mimi mzima. Riyadh nilishatoka, kafili, yule tajiri aliyenileta, amenihamishia Jeddah, mtaa wa Ruwais, kwenye laundri yake. Pasi zote humu ni za mvuke, na kazi yangu ni boila, tangi la kuchemshia maji ya mvuke huo. Cheka tu. Boila niliyoikimbia Kigoma nimeikuta kwa Waarabu.

Juzi bosi aliuliza kama maji ya boila yapo. Otieno, Mkenya ninayefanya naye kazi, akajibu yapo, hata shingo hajageuza. Nikamkaripia mbele ya watu.

"Mzee, wewe unaogopa hiki chuma kuliko kafili," akasema. "Kwani kwenu ililipuka?"

"Ilipasuka. Kwenye boti letu la moshi, tukivuta magogo kutoka Kongo."

"Nani alizembea?"

Nikamwambia, "Kaka yangu."

Otieno hakujui, wala hatakuona maisha yake, na bado nilikusingizia.

Siku ile wewe ulikuwa kwenye usukani, mimi kwenye moto. Tulishaikaribia Kigoma, mtandao umeshika, niko kwenye simu na wakala wa kazi za Saudia. Ukauliza kama babu alivyotufundisha: "Maji?" Nikajibu, "Yapo." Kioo cha kuonyesha maji ya boila sikukitazama, kumbe yalishakwisha, ikapasuka. Baba aliponibana, nikasema hukuuliza. Akasema babu alihama Kongo na boti hilo, ndilo lililofanya wenyeji watuheshimu, na wewe umeliua. Akakunyang'anya usukani, akakupeleka msituni na vibarua. Wewe ulinitazama tu, ukachukua shoka.

Msalimie shemeji, aliyekuwa akinifungashia chakula kila safari. Hata yeye nilimwacha aamini hivyo. Na yule fundi aliyeiunga boila, mpe pole.

Nasikia boti linarudi majini Ijumaa ya kwanza baada ya Idi, na usukani atashika binamu yetu. Siku hiyo, mkishatoka msikitini mkakusanyika pale ufukweni penye mbao, kabla moto haujawashwa, nitapiga simu. Nitampigia mama, maana wewe utanionea huruma ukate simu. Aweke sauti kubwa, baba na vibarua wote wasikie. Nitasema uliuliza maji, nikajibu yapo, na sikutazama.

Mdogo wako, niliyekuwa kwenye moto,
Shabani